Ameshatoka

Habari hii nilipewa na Maimuna binti Bwanaheri wa Mtawanya, masika ya mwaka ule magari yalipoanza kupita juu ya daraja jipya la mto wetu na wavushaji wa mitumbwi wakabaki kusimulia. Tulikuwa barazani kwangu tunashona mkeka wa bi harusi, yeye upande ule, mie upande huu, na mvua ikatufunga pale tangu asubuhi. Hakusimulia kwa kunong'ona. Alisimulia kama mtu anayeeleza chungu alichokipika kikaiva. Nami naiandika kama nilivyoisikia, na palipopungua chumvi nimetia kidogo.

Maimuna alikuwa na kaka, jina lake Mfaume, na mdogo wake wa kike, Salima. Huyo Salima aliolewa na Fikirini wa Ruaruke, kijana mzuri wa sura, mwepesi wa ulimi, mzito wa jembe. Bondeni kwetu mpunga ukianza kuzaa watu huhamia shambani wakakaa juu ya dungu, yaani kibanda kilichopandishwa juu ya miti mirefu, wafukuze ndege mchana na nguruwe usiku. Basi mwaka wa zile mvua za Elinino Salima alikuwa dunguni peke yake, mimba kubwa, na mumewe ameondoka na mtumbwi wao. Fikirini hakuwa na habari na mpunga. Yeye alikuwa Kibiti, barabarani, na wazungu wake.

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Soda zilijaa madukani, nguo za mitumba zilimwagwa chini kama mihogo, na wazungu wa shanta wakawa wengi, wale wanaotembea nchi baada ya nchi, nyumba yao mgongoni kama konokono. Fikirini aliwapenda. Aliwaonyesha njia, alicheka nao na kuwachekesha, na kila kundi lilipoondoka yeye alibaki akiitazama barabara kama ng'ombe aliyeachwa zizini.

Maji yakapanda, na yakapanda kwa hasira. Mfaume akakokota mtumbwi wake kuwatoa watu madunguni. Hapa niseme jambo ambalo mtu wa mjini hatalijua. Kwetu, maji yakifura, mitumbwi ni michache na watu ni wengi. Kwa hiyo kabla ya kulifuata dungu, mvushaji huuliza: fulani bado yuko? Akijibiwa "ameshatoka", basi dungu lile haliendewi tena, anaendewa mwingine. Neno hilo ni kiapo. Mtu anaweza kudanganya sokoni, anaweza kudanganya hata mbele ya kaburi, lakini neno hilo halisemi ovyo.

Mfaume akafika Kibiti na watu aliowatoa, akamkuta Fikirini kando ya gari la wageni. "Salima yuko wapi?"

"Ameshatoka," Fikirini akasema. "Nimempeleka kwa shangazi yangu Ruaruke."

Mfaume akamshukuru Mungu, akageuka kwenda kuwatoa wengine. Fikirini akapanda gari na wazungu wake, likaenda kaskazini. Salima akabaki juu ya dungu. Aliita mpaka sauti ikamwisha. Mtoto alizaliwa pale juu, hakulia. Akamfunga kwa kanga, akamkumbatia, mpaka wavuvi waliopotea njia wakapita chini yake na kuona mkono unaning'inia.

Salima hakufa, ila usingizi ulimkimbia. Usiku wote hukaa kitako, macho mlangoni. Maimuna, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, naye akajifunza kukesha, na katika kukesha huko alimuua Fikirini mara nyingi. Alimzamisha. Alimtupia mamba. Alimkaanga. Asubuhi akiamka akikuna nazi, aliiona mbuzi ya kukunia na kile chuma chake chenye meno, akamkumbuka tena. Mtenda husahau, mtendewa hasahau, na dada wa mtendewa hana hata pa kusahaulia.

Masika moja ikapita, na nyingine ikaja. Mto ukajaa tena, si kama Elinino, lakini pantoni ya pale Ndundu ikasimamishwa kwa nguvu ya maji. Malori na mabasi ya kusini yakapanga mstari barabarani, watu wakavushwa na mizigo yao kwa mitumbwi mikubwa. Mfaume alikuwa mmoja wa wavushaji hao. Maimuna akajenga kibanda cha chakula nyuma ya mstari wa magari, na Salima akawa anakaa uani kwake akisuka ukili.

Siku moja, jua la asubuhi likiwa bado changa, wakaingia wateja wawili. Mmoja mzungu mwanamke, mrefu, miguu imechubuka, shanta mgongoni na shanta mkononi. Wa pili mwanamume mweusi, nywele za misokoto, miwani myeusi, buti kama za askari, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi.

"Mama, tupe wali na kambale," akasema mwanamume bila kumtazama.

Maimuna akapakua. Hakuwa na la kufikiri. Lakini mgeni alipoanza kula, alitoa miiba ya samaki mmoja mmoja akaipanga ukingoni mwa sahani, mkubwa kwa mdogo, kama anajenga ua. Maimuna akasimama na upawa mkononi. Alimjua mtu mmoja tu anayekula hivyo, na alikuwa amempikia siku ya harusi ya mdogo wake.

Akainama kama anayefuta meza. "Shemeji Fikirini," akasema polepole, "miiba yako bado unaipanga vizuri."

Tonge likakwama. Miwani ikainuka. "Maimuna?"

"Ni mie. Usiinuke. Ukiinuka namna hiyo watu watakuangalia."

"Mfaume yuko?"

"Yuko bandarini anavusha. Yeye na panga lake. Amelinoa tangu Elinino, limebaki jembamba kama wembe."

Fikirini akaweka tonge chini. Mzungu akauliza kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Mnajuana?"

"Dada wa rafiki yangu," Fikirini akajibu upesi. Kisha akamgeukia Maimuna, akitabasamu kwa lile tabasamu la zamani. "Shemeji, mie na weye hatukugombana hata siku moja. Au siyo?"

Maimuna alisikia damu ikimpanda masikioni. Angeweza kupiga ukelele mmoja tu, Mfaume angefika. Lakini panga ni jambo la mara moja, na baadaye ni kaka yako anayefungwa. Akajilazimisha kucheka. "Yaliyopita si ndwele, shemeji. Ongeza mchuzi."

Basi mtu akishajiona amesamehewa, ulimi hufunguka. Fikirini akamwambia yote kwa kunong'ona huku akila. Kwamba amezunguka na mwanamke huyu Kenya yote na Uganda, wamepanda milima, wamelala kwenye mahema. Kwamba kibali cha mzungu kukaa nchini kinakwisha keshokutwa, lazima wafike mpakani, waingie Msumbiji, halafu waende mpaka Afrika Kusini, na huko watapanda ndege.

"Sirudi tena, shemeji. Huku kuna nini? Mbu na mpunga."

"Na Salima?" Maimuna akauliza, anafuta meza ileile.

Fikirini akamtupia mzungu jicho. "Usimtaje mbele ya huyu. Tafadhali."

Hapo ndipo Maimuna alipokata shauri. Aliniambia: "Bibi, angesema tu 'hajambo?' Neno moja. Nadhani ningemwacha apite." Mie simwamini, lakini ndivyo alivyosema.

"Mtapitaje bandarini?" akauliza. "Wavushaji wote wanakujua. Hata ungevaa baibui."

Fikirini akafikiri, akapata akili, akafurahi nayo. "Huyu apite bandarini na mizigo, kama wageni wengine. Mie nipitishe mpungani, kwa nyuma, nikutane naye ng'ambo. Mtumbwi unao?"

Maimuna akamwangalia. Mwindaji huchimba shimo akafunika majani. Huyu mnyama alikuja na jembe lake akauliza achimbe wapi. "Ninao," akasema. "Twende sasa, kabla Mfaume hajaja kula."

Akamwambia mzungu akae, asubiri. Akamchukua Fikirini kwa njia ya nyuma, mbali na uani alikokuwa Salima, wakashuka mpungani. Maimuna alikuwa fundi wa upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, tangu utotoni. Wakapita kati ya matete, wakaacha njia ya watu, mpaka lilipokuwa dungu la Mzee Miraji. Mwaka ule Mzee Miraji hakulima, alikuwa mgonjwa, na upande ule haukuwa na mtu. Maji yalikuwa yanazunguka miti ya dungu yakitoa povu.

"Panda hapa," Maimuna akasema. "Mbele maji yana nguvu, mtumbwi huu hauyawezi, nafuata mkubwa. Lala chini usionekane."

"Utarudi saa ngapi?"

"Utaniona."

Fikirini akapanda ngazi, buti zinateleza. Alipofika juu akachungulia, akacheka. "Shemeji, weye ni mtu mwema. Wengine wangeweka kinyongo."

"Kinyongo hakilipi," Maimuna akasema, akaigeuza pua ya mtumbwi. Njia nzima ya kurudi alisukuma mtumbwi mbio kama anayefukuzwa. Aliniapia haikuwa hofu, ilikuwa furaha.

Mzungu alikuwa bado kibandani, amekaa juu ya shanta lake. Watoto wa wasafiri walikuwa wameshampa jina, Mama Shanta. Maimuna akakaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Yule mwanamume alikwambia ana mke?"

"Mke alikufa," Mama Shanta akasema. "Kwa maji. Mke na mtoto. Tuko Mombasa, ameniambia. Amelia sana."

Maimuna akatema mate pembeni. "Mkewe aliitwa nani?"

"Salima."

"Njoo."

Akampeleka mpaka kwenye mlango wa makuti, akalisogeza kuti moja. Uani, Salima alikuwa amekaa chini, miguu kanyoosha, kashika ukili kwa dole gumba la mguu, vidole vyake vinakwenda. Hakuinua kichwa.

"Yule pale ni Salima," Maimuna akasema. "Ni mdogo wangu. Mtoto ndiye aliyekufa. Alizaliwa juu ya dungu maji yakiwa chini, na baba yake yuko barabarani, amewaambia watu mkewe ameshatoka."

Ilibidi aseme mara mbili, na neno dungu alieleze kwa mikono. Mama Shanta alipoelewa, uso wake ulibadilika ukawa mwekundu, halafu mweupe. Akarudi ndani. Akafungua kile kimfuko alichofunga kiunoni, akatoa hati mbili za kusafiria, yake na ya Fikirini. Akaitazama picha ya Fikirini kwa muda.

"Yuko wapi sasa?"

"Mahali pakavu."

"Hatari?"

"Yuko juu. Maji yako chini."

Mama Shanta akarudisha hati zote mbili kiunoni. "Hii yake nitaiacha mpakani, kwa askari," akasema. "Yeye akitaka, achukue. Ana miguu." Akabeba shanta lake moja, lile la Fikirini akaliacha pale pale, akashuka bandarini. Mfaume mwenyewe ndiye aliyemvusha, naye hakujua anamvusha nani. Maimuna akamtazama mpaka akawa kidoa ng'ambo, akipanda tuta, haangalii nyuma, anakwenda zake nchi nyingine.

Jioni, baada ya magharibi, Maimuna akamwambia mdogo wake. Alidhani atalia, au atamkumbatia. Salima aliacha kusuka.

"Dungu gani?"

"La Mzee Miraji."

"Na weye ukamwacha, ukaja kuuza wali."

"Nimekulipia kisasi chako, Salima."

"Changu," Salima akasema, "na umekilipa bila mie kuwapo. Hata kumwona akipanda ngazi hukuniita." Akaokota ukili wake. "Kesho utanipeleka."

Tangu Elinino Salima hakuwa amekanyaga mtumbwi. Asubuhi ile aliingia bila kushikwa mkono, akakaa mbele, mgongo umenyooka. Fikirini alipowaona kwa mbali alisimama akapunga kofia.

"Shemeji! Ulipotelea wapi? Mbu wamenimaliza, na kuna kiboko alikuja kujikuna kwenye nguzo—" Kofia ikabaki hewani. Alikuwa ameona nani amekaa mbele.

Maimuna akachoma upondo matopeni. Mtumbwi ukasimama mahali ambapo mtu hawezi kuruka akafika.

"Salima," Fikirini akasema. "Mke wangu."

"Mke wa nani?"

"Kama ni talaka ndiyo unayotaka, nakupa sasa hivi, shahidi dada yako. Nimekuacha! Talaka tatu! Haya, nitoe."

Salima akacheka. Maimuna alikuwa hajamsikia akicheka muda mrefu, na kicheko kile hakikumpendeza. "Nimeshaachishwa kwa sheikh, weye uko huko unapanda milima ya watu. Umechelewa, bwana. Unamwacha mwanamke aliyekwisha kukuacha."

"Sasa unataka nini?"

"Kukuuliza. Mfaume alipokuja, kwa nini ulisema nimeshatoka?"

"Wallahi nilidhani umetoka kweli."

Salima hakugeuka. "Dada, rudi nyuma."

Maimuna akasukuma. Mtumbwi ukarudi nyuma urefu wa upondo mmoja.

"Nilisikia kwa watu! Watu walisema wamekuona!"

"Rudi nyuma, dada."

"Salima, shetani alinipitia!"

"Shetani hakai Kibiti akisubiri gari. Rudi nyuma."

Wakarudi, wakarudi, mpaka Fikirini ikabidi apige kelele, ameshika mwamba, ule mti wa juu wa dungu, shingo imemtoka mishipa. Akaona matete yanaanza kuwafunika.

"Ngojeni! Nasema! Wale wazungu walikuwa wanaondoka asubuhi ile! Ningesema uko dunguni, Mfaume angenikamata twende wote, na gari lingeniacha! Nilisema umetoka ili asiniulize tena!"

"Basi?"

"Basi! Ndiyo hivyo tu!"

Ndege wa kwerea waliruka mpungani, wakazunguka, wakatua. Baadaye Salima alimwambia dada yake kwamba siku zote zile za kukesha alikuwa akitafuta sababu kubwa. Alidhani kuna mwanamke, au uchawi, au chuki aliyomficha. Kumbe alikuwa ameachwa kwa ajili ya kuwahi gari.

"Haya," akasema, na sauti yake ilifika bila kupigiwa kelele. "Nami wakiniuliza, nitawaambia umeshatoka."

Fikirini alielewa. Yeye ni mtoto wa bondeni, kuliko wote alielewa. Kilio alichopiga kiliwafuata mpaka walipofika kwenye matete marefu. Maimuna alitaka kumwangalia mdogo wake usoni, lakini aliyekaa mbele ya mtumbwi humwoni ila kisogo.

Adhuhuri Mfaume akaja kibandani, panga mkononi, anahema. Dereva mmoja wa lori alikuwa amemwambia kwamba Fikirini ameonekana Ikwiriri akishuka na mzungu.

"Yuko wapi? Amepita hapa?"

Maimuna akafungua mdomo, Salima akamtangulia. "Ameshatoka."

Mfaume akamgeukia. "Umesema?"

"Ameshatoka, kaka. Kavuka kwa nyuma, mpungani, kumfuata mzungu wake. Huyo anaelekea Msumbiji."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona kwa macho yangu."

Mfaume alikaa chini, panga likaanguka kando, akalia kwa hasira kama mtoto aliyenyang'anywa. Maana alikuwa ameapa, na kumbe mtu aliyemwapia amevuka kwenye mto wake mwenyewe. Habari ikaenea bandarini: Fikirini ameshatoka. Wakamtukana yeye na ukoo wake wa Ruaruke mpaka wakachoka. Na hapakuwa na mvushaji hata mmoja ambaye angegeuza pua ya mtumbwi kwenda upande ule.

Mvua ilinyesha juu, huko Ngarambe, nasi huku chini tukayapata maji yake. Jioni ya pili Maimuna alisimama mlangoni akitazama yanavyoula ukingo.

"Maji yanapanda."

"Nayaona," Salima akasema.

"Nguzo za Mzee Miraji ni za zamani."

"Zangu zilikuwa mpya?"

Maimuna akaufunga mlango. Alitaka Fikirini afe. Alitaka pia aishi siku nyingi akijua nini kimempata. Mawili hayo hayapikwi chungu kimoja, na yeye hakujua aepue lipi. Akasema, "Mie ndiye niliyempandisha pale."

"Na mie ndiye niliyesema ametoka. Lala, dada."

Hakulala. Wala Salima. Walikaa kitako wawili, na mvua juu ya makuti.

Kulipopambazuka, Salima akafunga kanga kiunoni. "Twende tukamtoe."

"Umemsamehe?"

"Nani kasema? Hebu fikiri. Akifa kule, maiti itaelea mpaka hapa bandarini. Watu watasema, huyu si alikuwa shemeji yenu? Tutaweka matanga. Watakuja wa Ruaruke wote na vilio vyao, wale, walale, na mie nisimame motoni nimpikie wali wa hitima. Mie! Nimpikie Fikirini!" Akatema mate. "Hapana. Bora aishi, apikiwe na wengine."

Walimkuta amepanda juu ya paa la dungu, amekumbatia mwamba, maji yanaramba sakafu. Buti moja halikuwepo. Uso ulikuwa umevimba kwa mbu, macho mawili kama mikato ya kisu. Hakusema shemeji, hakusema mke wangu. Akateremka mtumbwini akalala chini kama samaki. Salima alikaa mbele, mgongo kwake, na hakugeuka hata mara moja.

"Maji," Fikirini akaomba.

Maimuna akamrushia kata ya kukumbia maji. "Mto ndio huo."

Hawakumpeleka kibandani. Walimshusha mbali, kwenye mkia wa foleni, palipokuwa na lori lililochoka kungoja, linageuza kurudi Kibiti na magunia yake. Fikirini akasimama barabarani, mguu mmoja buti, mguu mmoja tope.

"Mzungu yuko wapi?"

"Ametoka," Maimuna akasema. "Huyo kweli katoka. Nimemwonyesha marehemu mkeo akisuka ukili. Hati yako ameondoka nayo, utaikuta mpakani kwa askari, amesema kaichukue, una miguu. Na njia ya mpakani ni moja, inapita bandarini kwa Mfaume. Yule anaamini uko Msumbiji. Nenda ukamwambie hupo huko."

Fikirini akatazama kusini, barabara ilipozama mtoni. Akatazama lori. Midomo ilimcheza kama anayetaka kusema neno, Maimuna akalisubiri, maana bado alikuwa na njaa ya kumjibu. Lakini Fikirini alipanda juu ya magunia, na kabla dereva hajapiga honi alikuwa amelala, mdomo wazi, mvua inamwingia.

Dada wawili wakarudi. Maji yalivyokuwa, wavushaji walizuiwa kuingia mtoni, na Mfaume alikuwa kwenye benchi la kibandani, kajifunika gunia, anakoroma. Salima akaomba chakula. Akala sahani nzima ya wali wa jana, baridi, bila mchuzi, akaufuta ukoko kwa kidole. Kisha akajinyoosha uani kando ya ukili wake, mchana kweupe, watu wanapita na ndoo, malori yananguruma, na akalala. Alilala kwa ubavu, mikono katikati ya magoti. Mtoto wa mteja alipomkanyaga mguu hakushtuka.

Maimuna alibaki akihudumia. Akapakua, akaosha sahani, akawakemea walevi wawili. Kila mara alichungulia uani, na kila mara Salima alikuwa bado amelala. Alingoja moyo wake umwambie imetosha. Moyo haukusema hivyo. Ulimwonyesha Fikirini juu ya paa, ukamwambia, ungemwacha siku moja zaidi. Akabishana nao mpaka chungu kikaisha na wateja wakaisha. Alasiri akafunga kibanda, akaenda uani, akalitandika lile shanta la Fikirini chini likawa mto, akalala mgongo kwa mgongo na mdogo wake, macho wazi. Akaanza kumzamisha Fikirini tena kama alivyozoea, polepole, miguu kwanza. Maji yalipomfika kiunoni, usingizi ukamchukua.